Pasi

Hakuna aliyefariki mwaka ule.
Nasema mapema, kwa kuwa kila anayenihoji
huinamisha kichwa kidogo, akingoja msiba
wa kuzifunikia alama zangu.
Sikuugua. Karo ililipwa, tena kwa wakati.
Nililala tu. Nilimpenda kijana mmoja wa Maseno
aliyepiga gitaa vibaya.
Takwimu ya Pili niliifanya mara mbili,
na mara ya pili ndiyo iliyonifanya mimi.

Cheti kilipotoka kilibeba neno moja fupi.
Baba mdogo Ogweno akakiinua kwenye mwanga wa dirisha
kama mtu anayekagua noti ya elfu.
"Pasi? Si ile ya kunyooshea nguo?"
Tukacheka wote.
Mimi nilicheka hata wenzangu walipokwisha kunyamaza.

Nikaanza kuizunguka Kisumu na bahasha.
Benki ya kwanza: daraja la pili la juu, au usijisumbue.
Ya pili, mlinzi aliipokea vizuri,
na nilipogeuka getini nikamwona anajipepea nayo.
Ya tatu walinipa kiti, wakanipa maji,
wakanipa pole.

Basi nikarudi Ahero, kwenye kinu cha Ogweno,
nikapewa mizani, kalamu na daftari lililovimba kwa unyevu.
"Kaa hapo uandike, angalau."
Magunia yalikuja na majina yao:
Mama Rispa, mpunga mbichi, toa kilo mbili.
Olielo, toa deni la mbolea, toa la dawa,
toa la matanga ya mwezi jana,
halafu mtazame usoni umwambie kilichobaki.
Haya chuoni hawakunifundisha,
au walinifundisha nikiwa usingizini:
kwamba deni nalo lina msimu.
Kitalu, kupandikiza, kufukuza ndege,
miezi ya kuinama mfuko ukiwa mtupu,
kisha wiki mbili za pesa
na shemeji wote wana habari.

Usiku, kwa taa ya simu, nikairudia Takwimu ya Pili
nikitumia daftari la mizani.
Wastani wa unyevu. Bei inavyoyumba
tangu mavuno hadi shule zinapofunguliwa.
Haikuwa ngumu.
Hilo ndilo lililoniuma.

Bi. Khasoa wa mikopo, kwenye chama cha akiba
kilicho juu ya duka la rangi karibu na Kibuye,
hakuuliza kitu. Aliigeuza karatasi ya alama zangu
kifudifudi mezani, akanisukumia faili.
"Mkulima. Ekari mbili. Anataka laki na themanini,
atalipa kila mwezi kwa mwaka. Ungempa?"
"Hata shilingi," nikasema. "Kwa ratiba hii
mwezi wa tatu atauza ng'ombe,
wa tano atazima simu."
Akavua miwani. "Ratiba ipi, basi?"
Nikaomba karatasi.
Akatazama huku na huku, akanirudishia ile ile.
Nikampigia hesabu ya mpunga, mavuno kwa mavuno,
mgongoni mwa alama zangu,
na wino ukapenya hadi upande wa pili.

Akaisoma. Akaigeuza. Akasoma na upande ule.
"Na hizi?"
"Nililala, mama."
"Hapa hulali."
Miezi mitatu ya majaribio, nusu mshahara,
meza iliyobanwa na mashine ya nakala
inayonipulizia joto ubavuni siku nzima.
Huu ni wa pili. Sijui watasema nini.

Leo alfajiri umeme umepotea.
Nimewasha makaa, nimeitoa chini ya kitanda
ile pasi ya nyanya, nzito, kipini kimeungua,
na blauzi ni ile ile moja.
Huchelewa kushika moto.
Nimesimama nayo mkononi, naipima kwa tone la mate,
saa kumi na mbili na robo,
upande mmoja wa kola bado umekunjamana.